Rudi Uwanjani: Namna ya Kucheza Rede Ukiwa Mtu Mzima

Anza na mchezo ambao mwili wako unaujua tayari. Usinunue kifaa, usijiandikishe popote. Kama ulikulia kwenye rede, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, rudi kwenye rede. Kama ni kombolela, mdako au kuruka kamba, rudi huko huko. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na wateja wakija kupimwa huwa nawauliza walicheza nini utotoni. Mama mwenye wajukuu, aliyeingia akilalamikia bei ya bitana, ghafla anainama na kupinda kiuno kuonyesha alivyokuwa akiukwepa mpira. Hajasahau hata kidogo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia "njoo tucheze".

Nitaeleza rede, maana ndiyo ninayoicheza.

Mpira utengeneze mwenyewe. Chukua soksi kuukuu isiyotoboka, uijaze mabaki ya vitambaa. Ya kitenge na khanga yanashikana vizuri. Ya satini yanateleza, mpira unalegea upesi. Shindilia kwa kidole gumba, kidogo kidogo, mpaka upate donge linalokaa kiganjani. Sokota shingo ya soksi, igeuze irudi kufunika donge lile, kisha shona kwa mkono ukitumia uzi wa maradufu. Jipige nao pajani. Ukiuma, fumua upunguze. Mpira wa dukani hudunda ukaenda kwa jirani, na ukikupata usoni mchezo umeisha. Huu wa soksi unakugusa na kuanguka hapo hapo.

Uwanja uwe wa mchanga, si wa saruji. Pita kwanza uokote vigae na vipande vya chupa, kila mara, hata kama jana palikuwa safi. Warushaji wawili wasimame wakitazamana, hatua kama kumi hivi kati yao. Anayecheza anakaa katikati na chupa tupu ya maji. Kwetu sheria ni hii: jaza chupa mchanga huku unakwepa, ikijaa imwage, umepata moja. Ukiguswa, umetoka. Mdomo wa chupa ni mwembamba na mchanga wenye unyevu hukwama, kwa hiyo chota ule mkavu wa juu, na uchote wakati mpira umempita mrushaji akaufuata mbali. Mkiwa wengi gawaneni timu mbili. Ulikokulia sheria zilikuwa nyingine? Chezeni hizo, na mkibishana kuhusu sheria, bishaneni kwa moyo wote. "Umeguswa!" "Sijaguswa, ni dera tu!" Ubishi huo ni nusu ya utamu.

Vaa suruali nyepesi ndani ya dera, dera lenyewe lipandishe na ulifunge kiunoni kwa khanga. Viatu vua.

Sasa watu. Usiitishe kikao. Mwite mmoja tu, dada yako au shoga yako wa siku nyingi, mrushiane mpira mbele ya nyumba jioni baada ya alasiri, jua likishapoa. Wa tatu atakuja mwenyewe. Watoto watajaa, na hapa nasisitiza sana: ingia kama mchezaji, si kama mama mwenye nyumba. Mtoto wa miaka tisa akikutoa, toka. Usimhurumie na yeye asikuhurumie. Wako watakaosema mtu mzima hovyo. Wajibu kwa kuwakaribisha, wengi hukubali.

Watumishi wa serikali wana mashindano yao ya SHIMIWI, wanavuta kamba, wanacheza bao na drafti, na nawapongeza. Lakini huko kuna vikombe. Ninachokuombea wewe ni mchezo usio na kikombe, usio na mchango wa kila mwezi, usiopigwa picha za kuweka status. Usiseme unacheza ili upungue mwili. Ukishaugeuza kuwa mazoezi utaanza kuukwepa kama unavyokwepa mazoezi. Cheza kwa sababu unataka kucheza. Mtu aliyelea, akauguza na kulipa ada za shule haombi ruhusa kwa yeyote ili acheke saa moja.

Magoti yakigoma, kaa chini mcheze mdako. Chimba kishimo cha upana wa bakuli, tia vijiwe, rusha kimoja juu, komba vingine nje, udake kile kabla hakijafika chini. Kisha rusha tena urudishe vyote shimoni ukibakiza kimoja nje, hicho ni chako. Vidole vinavyochambua mchele kila siku hupata kasi haraka.

Ngoma ya watoto haikeshi, nanyi acheni kabla ya magharibi, wakati bado mnautaka. Mpira ufue kwa sabuni na uanike juani siku nzima, kwa sababu soksi yenye unyevu huwa nzito, na mpira mzito unauma.