Sufuri si NULL: mambo ya kuzingatia kabla ya kusoma majibu ya hifadhidata

Anayeandika programu ya kumbukumbu za mwalo (mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki), iwe ni Kirumba hapa Mwanza au visiwani Ukerewe, aamue jambo moja kabla hajaandika msimbo wa programu: safu ikikosa thamani, yaani hifadhidata ikiweka NULL, maana yake nini? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hupumzika. Sufuri ni mtumbwi ulioingia ziwani ukarudi mtupu. NULL haisemi hivyo. Huenda karani hakupima, au mtumbwi haukutoka kabisa, na hapo afadhali uweke safu ya pembeni inayotaja sababu. Ukivichanganya, mvuvi aliyepumzika anaonekana amekosa samaki, na rekodi hiyo ikitumika kumpimia mkopo, anaumia yeye.

Kisha ijue tabia ya lugha yako ya programu. Kwenye Java, getInt, inayosoma namba, ikikuta NULL hurudisha 0 kimyakimya. Ni lazima uite wasNull, inayosema kama ilikuwa NULL, papo hapo, kabla hujasoma safu nyingine. Mimi napendelea getObject yenye Integer.class, maana yenyewe hurudisha null na hakuna cha kukumbuka. Kwenye Go, kusoma NULL kwa Scan ndani ya string (maandishi) ya kawaida huleta hitilafu, hivyo andaa sql.NullString inayokubali NULL. C# hutoa DBNull.Value, basi uliza IsDBNull kwanza. Python hutoa None.

Swali la SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, nalo likaguliwe. WHERE uzito = NULL haileti mstari hata mmoja; andika IS NULL. AVG (wastani) huziruka NULL, kwa hiyo wastani unaoupata ni wa mitumbwi iliyopimwa tu, na ripoti iseme hivyo waziwazi. SUM (jumla) isipopata mstari wowote hurudisha NULL, wala si sufuri. Ripoti za siku za mbalamwezi huangukia hapo. LEFT JOIN, inayounganisha majedwali mawili na kubakiza mistari yote ya upande wa kwanza, huwanasa hata wazoefu: safu iliyowekewa NOT NULL bado inaweza kukujia NULL, mtumbwi usipokuwa na mauzo upande wa pili.

COALESCE(uzito, 0), inayoweka 0 mahali pa NULL, inavutia kwa wepesi wake. Itumie pale tu ambapo sufuri ni jibu la kweli, kama jumla ya mauzo ya siku isiyo na mauzo. Uzito ambao haukupimwa uonyeshe kama “haikupimwa”.

Kabla ya kuikabidhi programu kwa makarani, ijaribu kwa mstari wenye NULL, mstari wenye 0, na siku isiyo na mstari wowote.