Kumfuatilia babu aliyehamia Ugogo

Anza na mzee kuliko wote katika ukoo, asubuhi, kabla hajachoka. Usimwulize mwaka, mwulize tukio: babu alifika kabla ya reli, iliyoingia Dodoma 1910, au baadaye? Njaa ya Mtunya, iliyokwisha 1920, ilimkuta ameshaoa? Majibu hayo mawili yanakupa makadirio ya umri wa babu. Andika mbeyu, yaani ukoo, na majina kama anavyoyatamka.

Kisha kaombe kusoma daftari la ubatizo kanisani. Hapa wengi hupotea: tarehe ya ubatizo si ya kuzaliwa, kwani hata watu wazima walibatizwa, na jina la nyumbani huenda halikuandikwa. Linganisha jina la baba na kijiji. Katika nyaraka za Wajerumani, Mpwapwa huandikwa pia Mpapua. Tafuta yote mawili.