SOMO: Mashine ya kusikia ya nyuma ya sikio, ya waya mwembamba au ya kuzama? Soma hapa kabla ya kuuliza

Kila wiki swali ni lile lile: "Nataka kumnunulia mzee mashine ya masikio, nichukue ile ndogo isiyoonekana?" Hujasema mzee anasikia kiasi gani, vidole vyake vikoje, wala kama sikio linatoa usaha. Naweka yote hapa. Atakayeuliza tena atapewa kiungo cha somo hili na si zaidi.

1. Daktari wa masikio, pua na koo achungulie sikio kwanza. Wapo wanaotolewa nta wakarudi nyumbani wanasikia. Usikivu ukipotea ghafla, ndani ya siku tatu au chini ya hapo, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, usihangaike na mashine. Sikio linalotoa usaha, kizunguzungu, au sikio moja kuzidiwa sana na jingine: daktari kwanza.

2. Pima usikivu kwenye chumba kimya, uondoke na karatasi yako, yaani audiogramu. Duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya buluu ni la kushoto. Hakikisha wamepima na kwa mfupa (kifaa kinachotikisa mfupa wa nyuma ya sikio), si kwa hewa pekee (spika za masikioni).

3. Piga hesabu. Chukua desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zilizoandikwa kwenye masafa ya hezi 500, 1000, 2000 na 4000, jumlisha, gawa kwa nne. Kwa viwango vya WHO, 20 hadi 34 ni upotevu mdogo, 35 hadi 49 wa wastani, 50 hadi 64 umevuka wastani, 65 hadi 79 mkubwa, 80 hadi 94 mkubwa sana. Halafu tazama mteremko wa mstari kwenye audiogramu. Mtu mwenye 20 kwenye sauti nzito na 65 kwenye sauti nyembamba husema "nasikia ila sielewi". Huyo usimzibe sikio, maana sauti yake mwenyewe itamrudia kichwani kama anasemea ndani ya pipa.

4. Sasa ndiyo uchague.

Ya nyuma ya sikio yenye kimirija (boksi huandikwa BTE) inafaa karibu kila kiwango, na kwa upotevu mkubwa sana ndiyo kimbilio. Inatumia betri namba 13 ya kibandiko cha chungwa, au 675 ya buluu kwa zile zenye nguvu. Kimirija kikikauka au kugeuka njano kinabadilishwa kwa gharama ndogo. Haipendezi machoni, lakini inavumilia.

Ya waya mwembamba (RIC) ina spika inayokaa ndani ya sikio na mwili mdogo nyuma yake. Nzuri mno kwa wenye ule mteremko, kwa sababu kikofia chake cha silikoni kina matundu na sikio linapumua. Ubaya wake ni kwamba spika imekaa palepale penye nta na jasho. Chujio la nta libadilishwe mara kwa mara. Mashine nyingi "zilizokufa" zimeziba chujio tu.

Za ndani zinachongwa kwa umbo la sikio lako, kuanzia inayojaza sikio la nje hadi inayozama mferejini. Kadiri inavyozama ndivyo betri inavyopungua: 312 ya kahawia, kisha 10 ya njano, ambayo mara nyingi haimalizi wiki. Ile ndogo kabisa haina nafasi ya maikrofoni mbili, kwa hiyo kwenye kelele za sokoni au harusini inazidiwa. Maikrofoni na spika zimebanana, ukiongeza nguvu inapiga mluzi.

Jaribio la bure: mpe mzee betri namba 10 aigeuze kwa vidole vyake bila msaada. Ikimponyoka mara mbili, za kuzama zisahau.

5. Kalibu ya sikio. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo soma taratibu. Ya nyuma yenye nguvu, na zote za kuchonga, zinahitaji kipande kilichotengenezwa kwa nakala ya sikio lako. Mtaalamu anachungulia kwa taa, anaingiza kizibo cha sponji au pamba chenye uzi hadi kipite kona ya pili ya mfereji, ndipo anasukuma silikoni kwa bomba. Wengine hukohoa kizibo kikiingia, ni kawaida, kuna neva pale. Ncha ya bomba ibaki imezama ndani ya silikoni muda wote, ikitoka hewa inaingia na nakala inakuwa na mashimo. Ikishakauka, sikio livutwe kidogo hewa ipite, ndipo nakala izungushwe itoke polepole. Kisha itazame mwenyewe: kona ya pili ionekane, pasiwe na mikunjo wala mapengo. Nakala fupi huzaa kipande kinacholegea, na kipande kilicholegea ndicho kinachopiga mluzi kila mzee akitafuna. Hapo fundi atapunguza sauti ili mluzi uishe, na mzee atabaki na mashine isiyomsaidia.

TAHADHARI: Bila kizibo, silikoni inaweza kufika kwenye ngoma ya sikio na kutolewa kwa upasuaji. Sikio lililowahi kufanyiwa upasuaji au lenye ngoma iliyotoboka lisiguswe bila daktari. Na hizo silikoni za mtandaoni za "jipimie nyumbani" ziache hukohuko.

6. Mashine isetiwe kwa kompyuta kufuata audiogramu yako, ikiwezekana kwa kipimo cha kimirija ndani ya sikio, kinachoonyesha sauti inayofika huko kweli. Haijasetiwa, usilipe.

7. Anza saa chache kwa siku, ongeza.

---

Kibopa_wa_Kitaa: Mkuu, andiko refu. Taja bei tu ya ile ndogo.

Mwandishi: Hatua ya 3 na ya 4. Hujui kama inamfaa, bei ya nini?

Kibopa_wa_Kitaa: Kuna moja naiona mtandaoni elfu arobaini, jozi. Vipi hiyo?

Mwandishi: Hicho ni kipaza sauti. Kinapandisha pikipiki na maneno kwa kiwango kimoja. Hakifuati audiogramu ya mtu.

Duka_Kona: Unawaharibia wenzako biashara. Za kuzama ni nzuri na wateja wanazipenda.

Mwandishi: Sijasema mbaya. Mwenye upotevu wa wastani, vidole vizuri na sikio kavu, ataifurahia. Nilichokataa ni kumuuzia mtu wa desibeli 80 ile ya kuzama eti kwa sababu haionekani. Wewe unaona sawa?

Ukhty_Mvita: Assalaam alaykum. Mama yangu anavaa hijabu na analalamika mashine ya nyuma "inachakarisha". Ibadilishwe?

Mwandishi: Waalaykum salaam dada, swali zuri sana hili. Usiibadilishe bado. Maikrofoni ziko juu ya mgongo wa mashine, kitambaa kikisugua hapo ndiyo unasikia chakara. Ajaribu pamba laini badala ya vitambaa vikavu vinavyolia, na kile cha ndani kisikaze masikio. Fundi anaweza pia kupunguza kelele za upepo kwenye programu. Akiendelea kusumbuka na audiogramu inaruhusu, inayojaza sikio la nje itamfaa, kwani maikrofoni yake hukaa ndani ya bonde la sikio.

Ukhty_Mvita: Shukran. Na joto la huku pwani? Kimirija kinajaa matone.

Mwandishi: Usiku toa betri, mlango wa betri uache wazi, mashine iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko na vidonge vya silika vya kunyonya unyevu. Betri zisikae humo, zitakauka. Matone yapulizwe kwa kipampu kidogo cha mpira, si kwa mdomo, mdomo unaongeza unyevu. Kipande cha sikio kioshwe kwa maji ya sabuni baada ya kukitenganisha na mashine.

Baba_Neema: Ukibandua kibandiko cha betri, ukikirudisha haiishi?

Mwandishi: Inaendelea kuisha. Betri hizi zinafanya kazi kwa hewa, ikishaingia imeingia. Bandua, subiri kama dakika tano, ndipo uweke. Usizitie kwenye friji.

Baba_Neema: Na mtoto wa miaka mitatu?

Mwandishi: Ya nyuma, bila mjadala. Sikio linakua, kipande hubadilishwa mara kwa mara huku mashine ikibaki ileile. Dai mlango wa betri wenye kufuli. Akimeza betri, hospitali saa hiyohiyo, usisubiri itoke.

Kibopa_wa_Kitaa: Nimempima mzee, wastani 58, vidole vinatetemeka.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Nyuma ya sikio, betri 13, au ya kuchaji ikiwa umeme kwenu ni wa uhakika. Masikio yote mawili kama yote yamepungua.

Kibopa_wa_Kitaa: Atajuaje ipi ya kulia?

Mwandishi: Alama nyekundu kulia, buluu kushoto.