Kupima ANA kwa mgonjwa mwenye makovu ya mapafu: usisome kiini peke yake

ANA ni kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe. Fomu ikifika maabara imeandikwa "makovu ya mapafu, chanzo hakijulikani", kinachotafutwa mara nyingi si lupasi, ugonjwa wa kinga unaohusishwa zaidi na kipimo hiki. Daktari anataka kujua kama kinga ya mwili ndiyo inayokausha mapafu, kwa njia ya skleroderma (ugonjwa wa kukakamaa ngozi), baridi yabisi au sindromu ya antisinthetesi (kinga hushambulia vimeng'enya fulani vya seli). Hii ya mwisho huweza kuanzia kwenye mapafu kabla misuli haijalegea, na ndiyo maabara inayoipoteza kwa urahisi.

Mwongozo huu ni wa slaidi za seli za HEp-2 (seli za binadamu zinazooteshwa maabara) na darubini ya fluoresensi, inayoonyesha mng'ao pale kingamwili ziliponasa. ELISA, kipimo cha mashine kinachotoa ANA kwa namba moja, ni ya haraka, lakini haionyeshi umbo la mng'ao, na kwa mgonjwa wa mapafu umbo ndilo lenye habari.

Hatua ya 1: Damu. Mililita 5, chupa ya kifuniko chekundu. Iache igande nusu saa, zungusha kwenye sentrifuji, tenga seramu (majimaji ya juu ya damu iliyoganda). Uliza dawa anazotumia. Isoniazidi ya miezi kadhaa inaweza kuleta ANA bila ugonjwa wowote wa kinga, na wagonjwa wengi wa aina hii wamepitia dozi ya TB hata kama makohozi hayakuonyesha kitu. Aliyechomwa imunoglobulini ya mshipani karibuni anaweza kuonyesha kingamwili za waliochangia damu, si zake.

Hatua ya 2: Kupunguza makali. Mikrolita 10 za seramu ndani ya mikrolita 790 za PBS (maji ya chumvi ya fosfeti, pH 7.2 hadi 7.4) ni 1:80. Kutoka hapo changanya nusu kwa nusu na PBS: 1:160, kisha 1:320. Pima 1:80 na 1:320 zote mbili, kila moja kwenye kisima chake (duara la slaidi lenye seli). Kwenye 1:80 takriban 13% ya watu wazima wenye afya huonekana chanya. Kwenye 1:320 hubaki kama 3%. Tena, seramu kali ikiwekwa kwa 1:80 pekee hung'aa kila mahali, umbo moja likafunika jingine.

Hatua ya 3: Kupaka. Fuata kijitabu cha vitendanishi vyako. Kwa kawaida ni nusu saa kwa seramu, osha, nusu saa kwa konjugeti ya FITC (kingamwili yenye rangi ing'aayo kijani) gizani, osha, funika. Tumia chombo chenye unyevu. Kisima kikikauka pembeni, seli za pale hung'aa uongo.

Hatua ya 4: Kusoma. Hapa usiwe na haraka.

Anza na kisima hasi cha kudhibiti ili jicho lijue weusi wa kawaida, kisha kile chanya, ndipo umwendee mgonjwa. Tafuta seli zinazogawanyika kabla ya nyingine. Kromosomu zikiwa zimejipanga katikati na zinang'aa sare, umbo ni la sare (AC-1; namba za AC ni za orodha ya kimataifa ya maumbo ya ANA). Zikiwa nyeusi huku viini vya seli nyingine vina chengachenga, ni AC-4 au AC-5. Nukleoli (madoa ndani ya kiini) zikiwaka, au vidoa vya sentromia (kiunganisho cha kromosomu) vikihesabika, usipuuze hata kama titeri, yaani kipimo cha mwisho cha kupunguza ambapo bado inang'aa, ni ndogo: kwa vigezo vya ERS na ATS (vyama vya mapafu vya Ulaya na Marekani) vya 2015 hayo mawili huhesabika kwa titeri yoyote, wakati umbo la sare na la chengachenga hudai 1:320 au zaidi.

Sasa toka nje ya kiini. Jo-1, PL-7 na PL-12, shabaha za sindromu ya antisinthetesi, ni vimeng'enya vya saitoplazimu (sehemu ya seli inayozunguka kiini), kwa hiyo kiini kinaweza kuwa cheusi tii, ukaandika "ANA hasi", na mgonjwa akaondoka na kingamwili zake. Tafuta chenga laini kwenye saitoplazimu (AC-19, AC-20). Boksi nyingi huja na rangi ya Evans, inayozipaka seli wekundu. Inapendeza macho, lakini mng'ao hafifu wa saitoplazimu humezwa nayo. Kwa sampuli za mapafu, iache. Usisomee pia kwenye lenzi ya 20 pekee. Nenda ya 40. Na slaidi isomwe siku ileile, maana FITC hufifia.

Hata ukiangalia vizuri, kingamwili dhidi ya MDA5 na Ro52 (protini nyingine za seli) huweza kukosekana kabisa kwenye HEp-2. ANA hasi haifungi kesi.

Hatua ya 5: Ukanda wa mistari. Huu ni ukanda wenye mstari mmoja kwa kila kingamwili. Pima kingamwili za misuli na skleroderma, vyovyote ANA ilivyosoma. Kila mstari ulinganishe na slaidi. PL-7 hafifu huku saitoplazimu ni nyeusi: rudia kabla ya kuamini. Jo-1 yenye Ro52 na chenga za saitoplazimu: hiyo inasimama. OJ, nyingine ya kundi la antisinthetesi, ni ngumu kukamatwa na ukanda, hivyo hasi yake haina uzito mkubwa.

RF na anti-CCP, kingamwili za baridi yabisi, ziongeze, ila TB yenyewe huweza kuzipandisha. RF chini ya mara mbili ya kikomo cha juu haihesabiki.

Hatua ya 6: Majibu. Andika titeri, umbo la kiini, na mstari wa pekee wa saitoplazimu, hata kama ni "haikung'aa". MDA5 ikiwa chanya, piga simu wodini kabla ya kuchapa: mapafu ya mgonjwa huyo yanaweza kuharibika ndani ya wiki chache.