Viwavi wa Viazi Vitamu: Wawahi Wangali Kiotani

Mvua za vuli zikishakatika magharibi mwa Kenya, kuanzia Desemba hivi, vipepeo wadogo wa rangi ya machungwa wenye ukingo mweusi kwenye mabawa huanza kuonekana juu ya matuta ya viazi vitamu. Huruka chini chini, polepole, bila haraka yoyote. Utawakuta Busia, Bungoma na Kakamega, na utawakuta Kabondo kule Homa Bay, ambako viazi ndivyo vinavyolipa karo. Wakulima wengi huwapita tu, kwa kuwa kipepeo mwenyewe hali jani. Hunywa maji matamu ya maua, basi. Lakini jike anayezungukazunguka juu ya marando yako anatafuta pa kutagia, na wiki chache baadaye ndipo utakapoona shamba limebaki vijiti.

Jina lake la kitaalamu ni Acraea acerata. Hapa nitamwita kipepeo wa viazi.

Katika maisha yake yote ya utotoni kuna takriban wiki mbili ambazo mdudu huyu yuko mkononi mwako kabisa, unaweza kummaliza bila pampu na bila shilingi. Ni zile wiki ambazo viwavi wachanga huishi pamoja ndani ya utando. Zikipita hizo, kazi inakuwa ngumu na ya gharama. Sehemu kubwa ya wakulima huanza kuhangaika baada ya wiki hizo kupita, kwa sababu kiwavi mdogo haonekani kwa mtu anayetazama shamba akiwa barabarani.

Tuanze na yai. Jike hutaga mayai yake kwa kitita, mia moja au zaidi kwa mara moja, yamepangwa karibu karibu upande wowote wa jani. Ni ya manjano hafifu, na kitita kizima hakizidi sana upana wa ukucha wa kidole gumba. Kwa hiyo usitazame juu tu, pindua majani. Ukiona kibaka cha manjano chenye vidoto vilivyojipanga, kikwaruze kwa kidole. Doa la ugonjwa halikwaruziki, mayai hung'oka. Jani lenye mayai lichume lote ulitie ndani ya ndoo. Dakika moja imekuondolea viwavi mia.

Mayai huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Sehemu za juu zenye baridi huchelewa kidogo, joto la kando ya ziwa huharakisha.

Wakishatoka, viwavi hawatawanyiki. Hufuma utando mwembamba juu ya jani walilozaliwa, wakaliunganisha na majani ya jirani, wakala wakiwa humo humo. Hiki ndicho kiota ninachokisema, na ni vizuri ukijue kwa macho yako. Jani la kiota halina matundu mwanzoni. Viwavi wadogo hukwangua nyama ya juu ya jani na kuacha ngozi ya chini, hivi kwamba ukilinyanyua juani linapitisha mwanga kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Baadaye ngozi hiyo hukauka ikawa ya kahawia, na kwa mbali utadhani jani limeungua na jua. Lifungue. Ndani kuna nyuzi laini zilizojaa chembe nyeusi, ambazo ni mavi yao, na katikati kuna rundo la viwavi wa kijani kinachokaribia weusi, miili imejaa miiba yenye matawi. Ukiwagusa wanajikunja pamoja.

Kiota kimoja mara nyingi kimetokana na kitita kimoja cha mayai, na kwa hiyo jani hilo moja lililokunjamana ndilo shamba lote la kesho kutwa.

Namna ya kuwatoa ni rahisi. Beba ndoo yenye maji na sabuni kidogo ya kufulia. Tembea katikati ya matuta ukiyatazama majani ya pande zote mbili, na kila utakapoona jani lililobabuka, lichume pamoja na kikonyo chake, taratibu, viwavi wasidondoke, kisha lizamishe. Kama miiba yao inakutia kinyaa, shika kiota kwa jani jingine. Ukimaliza, fukia au choma ulichokusanya. Usikitupe kwenye ua wala kwenye shimo la mboji lililo wazi. Kiwavi aliyekaribia kukomaa anajua kutembea. Watoto wana macho makali kwa kazi hii kuliko sisi, pengine kwa kuwa wako karibu na ardhi, na Jumamosi moja ya watoto wawili inamaliza robo ekari.

Mara ngapi? Piga hesabu mwenyewe. Mayai yanakaa wiki moja, viota wiki mbili. Ukipita shambani siku moja kila wiki, kila kitita kitakuwa mbele ya macho yako karibu mara tatu kabla viwavi hawajatawanyika. Ukikikosa mara ya kwanza utakipata ya pili. Ukipita mara moja kwa mwezi, kuna kizazi kizima kitakachokuponyoka bila wewe kujua kilikuwepo. Anza ziara hizo siku ile ile utakapoona vipepeo kadhaa juu ya matuta. Usingoje jani liliwe.

Baada ya hizo wiki mbili tabia inabadilika kabisa. Viwavi wanaacha kiota, kila mmoja anashika njia yake. Mchana hujificha jua, wakishuka chini kwenye udongo na kivuli cha marando, na giza likiingia hupanda kula. Sasa hawakwangui tena, wanakula jani zima na kuacha ule mshipa mkubwa wa katikati. Hapa ndipo mkulima anaposema wadudu wameingia usiku mmoja. Hawakuingia usiku mmoja, walikuwa hapo wiki tatu. Bado unaweza kuwaokota kwa tochi baada ya chakula cha jioni, hasa kwenye shamba dogo, ila sitakudanganya kwamba ni kazi ya mtu mwenye nusu ekari na zaidi.

Kiwavi hujivua ngozi mara kadhaa akikua, na akishashiba huacha kula, hutafuta mahali pa kuning'inia, hugeuka pupa, yaani kifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo. Pupa ni ya manjano manjano, inaning'inia peke yake chini ya jani, kwenye bua la muhindi, kwenye nguzo ya ua, hata kwenye ukuta wa nyumba. Ziponde unapozikuta. Faida yake kubwa zaidi kwako ni kwamba zinakupa ratiba: pupa nyingi uani leo, vipepeo wiki ijayo, mayai punde baada ya hapo. Tangu yai hadi kipepeo ni mwezi mmoja hadi mwezi na nusu hivi, na kwa hiyo kiangazi kimoja kinatosha vizazi viwili.

Sasa tuseme umechelewa na viwavi wakubwa wamekwisha tapakaa. Je, upulize dawa? Inategemea umri wa viazi, na hapa naona watu wengi wanatupa pesa. Viazi vilivyokaribia kukomaa, chimba. Aina kama Kabode, Vita au ile ya Kakamega tunayoiita SPK 004 zinapofika miezi minne au mitano, hazihitaji dawa bali jembe na soko. Viazi vya katikati, vya miezi mitatu hivi, vitachipua tena vikipata unyevu, ingawa mizizi haitanenepa ulivyotarajia kwa kuwa mmea unachota chakula chake kule kule chini kutengeneza majani mapya. Zao changa la chini ya miezi miwili ndilo la kupigania, pamoja na kitalu cha marando ya kupanda msimu wa masika. Hicho cha pili ndicho kinachouma zaidi magharibi. Viwavi wakimaliza marando ya Januari, Machi mvua inapofika unanunua mbegu kwa bei ya kuumiza, au unapanda ukiwa umechelewa, na zao lililochelewa ndilo litakalokutwa na kiangazi kijacho kabla halijakomaa.

Ukiamua kupuliza, anza na dawa za kibiolojia. Ipo bakteria ya Bt, na ipo kuvu iitwayo Beauveria bassiana ambayo imeonyesha kumuua kiwavi huyu. Bt lazima iliwe ndipo ifanye kazi, kwa hiyo inawafaa viwavi wadogo kuliko wakubwa, na jua huiharibu; puliza jioni. Dawa kali za kuua kila mdudu ziwe za mwisho kabisa, kwa sababu kiwavi huyu ana maadui wake. Kuna nyigu wadogo na nzi wanaotaga ndani ya mwili wake, na watoto wao humla akiwa hai. Ukiwaua hao, kizazi kijacho cha kipepeo kinakuta shamba halina askari. Ukikuta kiwavi amekauka na kufunikwa na unga mweupe, mwache hapo alipo, huyo ni mgonjwa wa kuvu na atawaambukiza wenzake.

Vyovyote utakavyonunua agroveti, hakikisha kifurushi kina namba ya usajili ya bodi ya dawa za wadudu, PCPB, na usome siku za kungoja kabla ya kuvuna. Watu husahau kwamba marando nayo ni mavuno. Ng'ombe wa maziwa na nguruwe wanalishwa hayo, na zipo nyumba zinazopika majani machanga kama mboga. Shamba lililopulizwa Jumatatu halikatwi majani ya ng'ombe Jumanne.

Kuzuia ni bora, na kuna njia ambazo hazigharimu sana. Ya kwanza ni kupanda mapema, mara mvua inaposhika, ili viazi viwe tayari kuchimbwa kabla kiangazi hakijakolea. Ya pili, usipande shamba jipya ukipakana na la zamani lililoshambuliwa. Kipepeo hana haja ya kusafiri kama chakula kiko ng'ambo ya mtaro. Marando ya maotea yanayojiotea kwenye shamba lililovunwa ng'oa, na pia mimea ya porini ya jamii ya viazi vitamu, ile yenye maua ya tarumbeta ya zambarau, maana hutunza wadudu wakati huna zao.

Ya tatu inahitaji maelezo kidogo. Kuchanganya viazi vitamu na vitunguu au na desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ile ya majani yenye mstari wa fedha, hupunguza mayai yanayotagwa. Desmodiamu wengi mnaifahamu kutokana na kilimo cha vuta-sukuma kilichoenezwa na kituo cha Mbita cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, dhidi ya bungua, kiwavi anayetoboa mabua, na gugu la kiduha kwenye mahindi. Kama unayo tayari shambani, itumie. Kama huna, mimi ningeanza na vitunguu, kwani desmodiamu ni ya miaka mingi na inatambaa, na kwenye shamba dogo linalozungushwa mazao itakusumbua kuiondoa. Vitunguu vipandikize ubavuni mwa tuta wakati ule ule wa kupanda viazi, vipate jua kabla marando hayajafunika.

Usiache kupandishia udongo pia. Majani yakiliwa, jua linapiga tuta moja kwa moja, udongo unapasuka, na kupitia nyufa hizo fukusi wa viazi anafikia mizizi. Mkulima anaona majani yamerudi, anafurahi, kisha anachimba viazi vichungu vilivyojaa vijia. Baada ya shambulio lolote la viwavi, rudi na jembe uzibe nyufa.

Usimchanganye mdudu huyu na kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani, mnene kuliko kidole, ambaye naye hula majani ya viazi vitamu. Huyo ni mtoto wa nondo mkubwa wa usiku, hana miiba wala kiota; mwokote kwa mkono umalize. Na wale viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege kwenye miche yako ya malimau ni wa kipepeo mwingine kabisa, mkubwa wa manjano na weusi. Wakikua wanakuwa wa kijani, na ukiwabonyeza wanatoa pembe mbili za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Kwenye kitalu waondoe, mche mdogo hauwezi kuwavumilia. Kwenye mti uliokomaa waache.

Mwisho ni habari ya mbegu. Mayai na viota husafiri juu ya marando. Robota moja lililofungwa nyuma ya bodaboda kutoka Kabondo hadi Nakuru linaweza kubeba vitita kadhaa bila mtu kushtuka. Kabla hujapanda marando ya kuomba au ya kununua, lifungue robota kivulini, pindua majani, toa kila lenye kibaka cha manjano au utando, kisha ndipo ukate vipande vyako vya sentimita 30 kutoka kwenye ncha. Kitalu chako mwenyewe kiweke karibu na maji, mahali unapopita kila siku kwenda kuchota, na ukiweza kifunike kwa neti tangu siku ya kwanza, kingo zake zifukiwe udongoni. Neti ikifunikwa baada ya mayai kutagwa, inawalinda viwavi dhidi ya ndege.