Mtoto Anataka Klabu ya Kuogelea: Mwongozo kwa Wazazi wa Tanga Walio Ughaibuni

Sisi tuliokulia Tanga tunajiamini kupita kiasi kwenye jambo hili. Tunadhani kuogelea tumezaliwa nako. Mtoto aliyefundishwa na binamu zake pale pwani ya Raskazone maji yakiwa yamejaa, akashinda akiruka ukingoni mpaka macho mekundu, tunampeleka klabu ya Uingereza au Kanada tukiwa na hakika kocha ataduwaa. Kocha haduwai. Anamtazama mita 25, anaandika kitu kwenye karatasi, kisha anasema kwa upole kwamba mtoto akasome kwanza madarasa ya kawaida ya kuogelea.

Hiyo si dharau. Baharini mtoto huogelea kichwa juu ili awaone wenzake na mitumbwi inayopita, na maji ya chumvi, kwa kuwa ni mazito kuliko ya bwawa, yanambeba. Akiingia bwawani kichwa kile kile kilicho juu kinaizamisha miguu, na nguvu zote zinaishia kupigana na maji badala ya kwenda mbele. Alichokuja nacho kutoka nyumbani ni kutoogopa maji, na hilo ni mtaji mkubwa. Ufundi atafundishwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza: klabu ya mashindano kwa kawaida haipokei mtoto ili imfundishe kuogelea. Inampokea anayejua tayari, imfundishe kuogelea haraka. England madarasa ya mwanzo kwenye mabwawa ya umma yamepangwa kwa hatua, 1 hadi 7, na watoto wengi hupelekwa klabu wakiwa wanamalizia hizo. Marekani njia rahisi zaidi ni timu za mtaa za majira ya joto, zile za Juni na Julai, ambako mashindano ni ya kirafiki na mtoto anaonja kabla hujajifunga na klabu ya mwaka mzima iliyo chini ya USA Swimming, chama cha taifa cha kuogelea. Ukiwa Marekani na huna uhakika kama mwanao atalipenda jambo hili, anzia hapo.

Kwenye majaribio kocha anataka kuona mitindo minne: mtindo huru, chali, kifua (ule wa chura) na kipepeo. Kipepeo kikiwa kibovu si hoja, watoto wengi wanaanza hivyo. Wanachokitazama zaidi ni kama mtoto anapumua vizuri bila kuinua kichwa chote, na kama akielekezwa anajaribu kubadilika papo hapo. Hili la pili lina uzito kuliko kasi. Mwambie mwanao kabla: kocha akisema kitu, hata kama hujaelewa vyema, jaribu, halafu uliza.

Ukiambiwa kuna orodha ya kusubiri, jiandikishe klabu mbili au tatu. Hakuna anayeona vibaya.

Uliza siku ya kwanza

Hapa ndipo watu wetu tunapoumia. Tuna staha, hatupendi kuonekana wasumbufu, tunanyamaza, halafu baada ya miezi mitatu mtoto anaacha na kocha hajui kwa nini. Mficha uchi hazai. Mambo yote unayoyaonea haya, yaseme siku ile ya kujiandikisha, kabla hujalipa.

La mavazi, hasa kwa mabinti. Mazoezini klabu nyingi hazina neno na vazi refu linalobana mwili, mradi limetengenezwa kwa kitambaa cha kuogelea. Kanzu ya pamba au fulana inayovuta maji itakataliwa, na kwa haki, maana inamzamisha. Kwenye mashindano kuna kanuni za vazi. England tangu 2017 kanuni ziliruhusu vazi la mwili mzima kwa sababu za dini au za kiafya. Kwingineko uliza utaratibu wa kuomba ruhusa na uombe mapema. Usingoje mwamuzi akusimamishe ukingoni mbele ya watu. Na usinunue yale mavazi ya mbio ya bei kali ambayo wazazi wengine watakuonyesha. Marekani yamepigwa marufuku kwa watoto wa miaka 12 na chini, na hata pale yanaporuhusiwa mtoto anayeanza hayamsaidii kitu.

La nywele. Kofia za kawaida hazikutengenezwa kwa kufikiria misuko yetu. Zipo kofia kubwa, na ile ya kampuni ya Soul Cap iliyokataliwa kimataifa mwaka 2021 kabla ya Olimpiki ya Tokyo ilikubaliwa Septemba 2022, kwa hiyo mtu asikuambie hairuhusiwi. Nyumbani kwangu utaratibu ni huu: nywele zinaloweshwa kwa maji safi ya bomba kwanza, kwa sababu nywele iliyokwisha kunywa maji safi hainywi sana ya klorini, kisha mafuta kidogo ya nazi, kidogo kweli, maana yakizidi kofia inateleza na kuruka mtoto anapojirusha, kisha mistari ya kulala kichwani, si rasta nene za juu, ndipo kofia. Akitoka ni kusuuza hapo hapo bafuni, asingoje mpaka nyumbani. Shangazi yake aliyeko Ngamiani, Tanga, anasema kwa simu kwamba tunamharibia mtoto nywele. Nywele ziko salama, mpaka sasa.

La saumu. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia kati ya Januari na Machi, na hapo ndipo England hufanya mashindano mengi ya kaunti. Mwambie kocha tarehe kabla mwezi haujaandama. Kocha mzuri atampunguzia mtoto mzigo, au atamhamishia mazoezi ya jioni baada ya futari. Asiyefunga bado kwa umri wake aendelee kama kawaida. Swali la maji yanayoingia mdomoni mpelekee sheikh unayemwamini. Kocha hana jibu, na mimi si mufti.

Swala ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Mazoezi ya alfajiri, saa kumi na moja na nusu hadi saa moja, yanatisha ukiyasikia. Lakini London mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, kwa hiyo mtoto anatoka majini akiwa na muda wa kutosha kuswali. Mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo aamke mapema, aswali nyumbani kabla halijachomoza, ndipo atoke.

Na la fedha, ambalo ndilo tunalionea haya kuliko yote. Ada ya mwezi mnayotajiwa ni mwanzo tu. Juu yake kuna ada ya mwaka ya chama cha taifa, ada ya kila mbio anayoandikishwa kwenye mashindano (ambayo hairudi akiugua), vifaa, na usafiri wa asubuhi wakati mabasi bado hayajaanza. Uliza moja kwa moja: kwa mwaka mzima mzazi wa mtoto wa kundi hili hutumia kiasi gani? Kisha uliza kama kuna punguzo kwa ndugu wawili au mfuko wa kusaidia familia. Klabu nyingi zinao na hazitangazi. Kanada kuna Jumpstart, mfuko unaowalipia watoto wa familia zenye kipato kidogo ada za michezo. Kuomba si aibu, ndiyo kazi ya mfuko.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: miwani miwili ya kuogelea (mmoja hukatika kamba siku ya mashindano, usiniulize kwa nini ni siku hiyo kila mara), kofia, vazi, taulo, chupa ya maji. Mapezi, ubao wa kupigia miguu na boya la kubana mapajani, subiri kocha aseme anataka vya aina gani, na mara nyingi klabu ina vya kuazima.

Usalama wa mtoto

Usione aibu hapa pia. Kila klabu yenye usajili England inatakiwa kuwa na mtu wa ustawi wa watoto. Jua jina lake na sura yake. Marekani kuna kanuni za SafeSport zinazobana mawasiliano na ukaribu wa mtu mzima na mtoto. Kwa ufupi: kocha hamwandikii mtoto ujumbe wa faragha, hampi lifti peke yake, hakuna simu yenye kamera chumba cha kubadilishia nguo. Sisi tumelelewa kumwona mwalimu kama mzazi wa pili na kumwachia mtoto kabisa. Heshima ibaki, ila kanuni hizi ziulizie na uone zinafuatwa.

Jambo lingine dogo: matokeo ya mashindano rasmi huwekwa hadharani mtandaoni, jina, klabu na umri au mwaka wa kuzaliwa. Kama una sababu ya kutotaka jina la mtoto lionekane, liseme wakati wa usajili.

Mzazi naye ana msaragambo

Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa msaragambo, ile kazi ya kujitolea ya pamoja, ni nini. Klabu hizi zinaendeshwa na wazazi. Kuna wa kushika saa, wa kupanga watoto kabla ya mbio, wa kuuza chai. Marekani klabu nyingine hukutoza usipotimiza saa zako za kujitolea. Ukiwa mgeni chagua kushika saa: unafundishwa dakika chache, unakaa karibu na maji, na unajifunza mchezo kuliko ukiwa jukwaani. Hao mnaoshika saa pamoja ndio mtakaopeana lifti za alfajiri baadaye. Kwangu mimi hiyo ilikuwa faida kubwa kuliko kitabu chochote cha mwongozo.

Siku ya kwanza ya mashindano andaa siku nzima kwa mtoto atakayekuwa majini pengine dakika tatu jumla. Ukumbi una joto na kelele, vaa nguo nyepesi ndani ya koti. Chakula kiwe cha kula kidogo kidogo: ndizi, wali mkavu, mkate. Bajia ziache nyumbani mpaka jioni. Marekani utaona watoto wameandikwa namba kwa kalamu ya wino kwenye mkono, ya mbio, ya kundi na ya leni. Na wako mwandikie, la sivyo atakosa mbio akicheza karata na wenzake.

Jiandae pia kwa kufutiwa matokeo. Kwenye kifua na kipepeo lazima mtoto aguse ukuta kwa mikono yote miwili kwa pamoja. Mtoto wa baharini, asiyejua ukuta ni kitu gani, hunyoosha mmoja. Mwamuzi anaandika kosa, kocha anaarifiwa, na muda wake hauhesabiwi hata kama amefika wa kwanza. Usiende kugombana na mwamuzi. Usimlinganishe na mtoto wa jirani pia. Cha kutazama ni kama muda wake umepungua kuliko wa mwezi uliopita. Na muda wa bwawa la mita 25 usiulinganishe na wa mita 50, kwa sababu bwawa fupi lina kuta nyingi za kujisukumia na siku zote linaonekana la kasi. Mabwawa ya yadi ya Marekani ndiyo kabisa, yadi 25 hazifiki hata mita 23.

Mkienda likizo Tanga

Wiki nne bila bwawa hazimharibu mtoto. Bahari ya Raskazone inatosha kumweka sawa, ila aogelee kwa dakika, si kwa umbali, na maji yakiwa yanajaa au yamejaa. Uliza wavuvi au tazama jedwali la maji. Siku za bamvua maji hukimbia mbali na kurudi kwa nguvu. Asiende peke yake hata kama ana medali. Wakati wa kusi, ambao ndio likizo ya Julai na Agosti, asubuhi ni tulivu kuliko alasiri.

Akipenda kujua kama kuna njia ya kuogelea kwa ajili ya nyumbani, ipo. Collins Saliboko na Sophia Latiff waliiwakilisha Tanzania kwenye bwawa la Paris 2024. Swali la uraia ndilo gumu kwa watoto wetu waliozaliwa nje, kwa sababu sheria ya Tanzania inawataka wachague wakifika miaka 18, kwa hiyo lizungumzeni mapema kama familia.

Kabla ya kukata tiketi mwambie kocha tarehe za kwenda na kurudi. Fomu za mashindano ya mwanzo wa msimu hutoka watoto wakiwa bado likizo, na kocha asiyejua mko wapi atampa mtoto mwingine nafasi kwenye timu ya kupokezana.