Kabla ya kwenda Gombe kuwaona sokwe

Kabla ya kufunga begi, kagua pua na koo lako. Maumbile ya sokwe yako karibu mno na yetu, hivyo mafua yanayokusumbua siku tatu tu yanaweza kumshuka yeye mapafuni na kumuua. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa Gombe, hifadhi ya taifa iliyo kando ya Ziwa Tanganyika. Baadhi walikufa, wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Ukiwa na kikohozi, homa au tumbo la kuhara, ahirisha safari, hata kama boti umeshailipia. Beba barakoa zaidi ya moja, maana utapanda milima na ya kwanza italowa jasho.

Gombe haina barabara. Iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa Kigoma mjini, na watu hupandia boti Kibirizi. Boti ya abiria ni nafuu lakini husimama kila kijiji. Ya kukodi huwahi. Miezi ya upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, ziwa huchafuka. Vaa jaketi okozi kabla boti haijaondoka, usilikalie, na simu na kamera zifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Panga kulala hifadhini. Kila jioni sokwe husuka viota vipya vya matawi juu ya miti, na wafuatiliaji wakijua walipolala, alfajiri huanzia hapo hapo. Ukija kwa boti ya asubuhi utakuta wameshatawanyika mabondeni. Masika hawaendi mbali sana, ila njia huteleza. Kiangazi, Julai hadi Oktoba, picha hutoka vizuri zaidi lakini huenda ukatembea saa nyingi.

Suruali iwe ndefu, viatu viwe na soli yenye meno, maji yasipungue lita 2. Chakula kiache kambini ndani, mlango umefungwa: nyani wa Gombe hupora mkononi, na mabaki ya mdomo wako ni njia nyingine ya maradhi.

Ukiwafikia sokwe una saa moja. Zima mwanga wa kamera, kaa mita 10 au zaidi, na usiteme mate. Wakija upande wako, wapishe njia. Dume akisimamisha manyoya na kuburuta tawi, usikimbie. Sogea karibu na mwongozaji, shika mti imara, utulie mpaka apite.